Ombi Lako Limepelekwa kwa Mwenye Mji

Palikuwa na Sultani katika mji wa Kilangoni, jina lake Daruweshi, mpenda vitu vipya asiyependa kusoma maelekezo yake. Siku moja akajaza kompyuta ikulu nzima, na ndani yake programu iitwayo Baraza. Hiyo Baraza, jamaa zangu, kazi yake ni moja: waziri yuko kwake, kadhi yuko kwake, karani yuko kwake, na wote wanaandika hati ile ile kwa pamoja. Sultani akaifurahia siku mbili. Ya tatu akakuta kadhi amemrekebishia sentensi.

Akatoa amri pale pale. "Kuanzia leo hati haifunguki kwa mtu yeyote, hata awe nani, bila idhini ya Mwenye Mji!"

Karani wa ikulu, Khatibu, akaiingiza amri hiyo kwenye Baraza neno kwa neno. Alikuwa karani mzuri, haongezi wala hapunguzi.

Wiki haikuisha. Sultani akabofya hati yake, haikufunguka. Akabofya tena kwa nguvu, kana kwamba kompyuta ni kiziwi. Kila mara maneno yaliibuka katikati ya kioo, na kila mara Sultani aliyafuta kabla hajayasoma. Sultani hutangaza, hasomi matangazo. Akaitwa fundi, akaizima akaiwasha. Akaitwa wa pili, akaizima, akasubiri kidogo, ndipo akaiwasha. Wa tatu alithubutu kuomba nywila, akatolewa mbio. Basi akatafutwa wa kulaumiwa, na Khatibu ndiye aliyekuwa karibu. Akatiwa ndani, na Ijumaa afukuzwe mjini asirudi tena.

Khatibu alikuwa na mke, Siwema, fundi wa simu sokoni, meza yake ubavuni mwa wauza pweza. Mwanamke mfupi, ulimi mrefu. Habari ilipomfikia alilia, tusidanganyane. Alilia mpaka akachoka, kisha akanawa uso, akavaa buibui lake, na Alhamisi asubuhi akawa yuko ikulu, mbele ya Sultani na mawaziri wake wote.

"Nimekuja kutengeneza kompyuta, Maulana. Hati zikifunguka, nirudishiwe mume wangu."

"Haya," akasema Sultani. "Lakini hutaigusa, mikono yako inanuka pweza. Hutaitazama, mna siri za dola. Wala hutaniuliza swali. Sultani haulizwi."

"Sigusi, sitazami, siulizi. Nami naomba moja tu. Maulana atamke mbele ya watu, aliyezifunga hati atafanywa nini."

"Atatoka mji huu kesho, kwa miguu, hata awe nani!"

Siwema akawageukia mawaziri. "Mmesikia?"

Wakaitikia kwamba wamesikia. Ndiyo kazi yao, kusikia.

Siwema akaipa kompyuta mgongo, akakaa kwenye busati lililotandikwa mbele ya kiti cha enzi. Sultani akangoja, mawaziri wakangoja.

"Mbona hufanyi kitu?"

"Nafanya, Maulana. Nayawaza maneno ya sokoni."

"Maneno gani?"

"Aa, ya wauza pweza tu. Wanasema Sultani hajui kusoma."

Waziri mmoja akapaliwa na mate yake. Sultani akaruka kitini.

"Mimi? Mimi sijui kusoma?"

"Niliwabishia, Maulana! Nikawaambia anajua sana, ila mimi mwenyewe sijawahi kumsikia."

"Basi sikia!"

Akaibofya hati kwa hasira. Maneno yakaibuka, na kwa mara ya kwanza hakuyafuta. Akasoma kwa sauti ya kutikisa mapazia: "Hati hii imefungwa kwa amri. Ombi lako limepelekwa kwa Mwenye Mji. Tafadhali subiri jibu lake."

"Maulana anasoma vizuri," akasema Siwema.

"Mwenye Mji gani huyo wa kunisubirisha mimi?"

"Mimi nimekatazwa kuuliza. Waziri Mkuu hakukatazwa."

Waziri Mkuu akalitazama zulia, ungedhani ndiyo kwanza analiona.

"Kule juu, pembeni, pana picha ya bahasha," akaendelea Siwema, mgongo pale pale. "Kila Baraza inayo. Maulana aibofye."

Sultani akabofya. "Maombi mia nne na kumi na mawili, hayajajibiwa," akasoma, na sauti ikaanza kupungua. "La kadhi. La waziri wa maji. La... Daruweshi. La Daruweshi tena. Daruweshi."

Kadhi alikuwa mzee, mgumu wa kusikia na mwepesi wa kuuliza. "Huyo Daruweshi kaomba mara ngapi?"

"Thelathini na saba."

"Masikini," akasema Siwema. "Na hajajibiwa hata moja."

Sultani akabofya "Kubali" kwa kidole kimoja, polepole. Hati ikafunguka. Hakuna aliyeshangilia, kwa kuwa kila mmoja alikuwa analikumbuka lile tamko la Sultani. Kadhi akavikodolea macho viatu vya Sultani, vya hariri, visivyojua vumbi. Kutoka pale hadi nje ya mji ni mwendo wa nusu siku.

Sultani akakohoa. "Nimefikiri. Mimi ni mtu wa huruma. Aliyezifunga hati nimemsamehe, hata awe nani!"

Mawaziri wakapiga makofi mpaka viganja vikawauma.

"Na karani?" akauliza kadhi.

"Mtoeni, mtoeni."

Khatibu akaletwa, kakonda, ndevu zimemjaa. Siwema akalia tena, safari hii kwa furaha, akamshika mkono waende zao. Lakini Sultani akaona mwanamke wa sokoni anaondoka kwake kichwa juu, roho ikamuuma.

"We mwanamke! Msamaha wa Sultani si pweza, hauchukuliwi hivi hivi mtu akaenda zake. Rudi hapa kwenye busati, upige magoti, ushukuru!"

Siwema akarudi. Akaliinua busati, akalikung'uta vizuri, akalitandika upya na kuzinyoosha pembe zake. Kisha akasogea pembeni.

"Maulana, anayepiga magoti ni aliyesamehewa. Karibu, nimeshakutandikia."