Kwa Nini Mbuzi wa Karatasi Ana Mshono Mgongoni

Sogeeni, mnipe masikio, midomo bakini nayo. Mnauliza kwa nini tunamkata mbuzi wa karatasi vipande viwili na kuanza kuhangaika kumshona, wakati angekunjwa tu akatoka mzima. Haya, tulieni mjibiwe.

Zamani hapa Mkomboleni mbuzi wa karatasi hakuwepo. Mkesha wa Idi ya kuchinja, watoto walitoka na mbuzi wa kweli. Waliwapaka hina kwenye paji la uso, wakawavisha shanga, wakazunguka nao nyumba hadi nyumba wakiimba, na kila mlango uliwatolea visheti na kashata. Mbuzi nao walikuwa na maringo hao! Walikanyaga kanga za watu zilizoanikwa na hakuna aliyewafukuza.

Basi mwaka mmoja ukaingia ugonjwa. Ulipita zizi kwa zizi. Mbuzi leo anatokwa na makamasi, kesho hali, keshokutwa kalala. Idi inakaribia, Mkomboleni nzima haisikiki sauti ya mbuzi hata mmoja, na mabwana mifugo wamekataza kuleta wengine kutoka nje. Wazee wakakaa, wakaona mwaka huo watoto wasitoke. Watazunguka na nini?

Alikuwepo mshona kofia, Bi Kidawa, aliyekuwa akimlea mjukuu wake Mashavu. Mtoto huyo alikuwa na mbuzi wake, Shombe, aliyemnyonyesha kwa chupa tangu mbuzi mama alipomkataa. Shombe alikufa wa mwisho. Tangu hapo Mashavu hakai ila mlangoni mwa zizi, kamba mkononi. Uji ukiletwa unapoa. Wali wa nazi, aliokuwa akiupigania, anausukuma kando. Bi Kidawa aliingiwa na hofu ya kweli. Alimwona mtoto anavyokonda, akajisemea: mbuzi amekwenda, na huyu nikimtazama tu, naye atakwenda.

Mkesha wa Idi, asubuhi, akachukua karatasi ngumu ya kahawia aliyopimia kofia zake. "Mashavu, njoo tumtengeneze mbuzi." Mtoto akaja, shingo upande.

Sasa sikilizeni kosa. Mtu mwingine angeikunja karatasi, akauacha mgongo penye mkunjo, akakata miguu na kichwa, basi. Lakini mkono wa mshona kofia umezoea kukata vipande kwanza, kuunganisha baadaye. Bi Kidawa akaikunja, akakata kote, mpaka penye mkunjo wa mgongoni. Alipomwinua, mbuzi akaanguka nusu huku, nusu kule.

"Bibi, umempasua!" Mashavu akaangua kilio. Kilio alichokibana tangu Shombe afe, kikatoka chote hapo. Jirani yao Mwinyihija, asiyejua kupita mahali bila kutia neno, akachungulia dirishani. "Bi Kidawa, Idi haijafika umeshachinja?"

"Hebu nipishe mie!" Bi Kidawa akamfukuza.

Lakini moyo ulimuuma. Alitaka kumfurahisha mtoto, kamtonesha kidonda. Basi mkono ukafanya ulichozoea: ukachukua sindano, ukatunga uzi mwekundu. "Mjukuu wangu, nishikie hapa, asiteleze. Peke yangu siwezi." Mashavu akashika, machozi yakidondokea karatasi.

"Anaumia?"

"Anaumia. Lakini tunamshona, atasimama."

Wakashona kutoka shingoni mpaka mkiani. Walipofunga fundo, Bi Kidawa akamweka juu ya kinu kilichopinduliwa, na mbuzi akasimama kwa miguu yote minne. Mashavu akamtazama sana. Akafuta kamasi kwa kiganja. "Shombe alikuwa na doa sikioni," akasema, akaenda mwenyewe kuleta hina. Aliporudi alikuwa anatafuna kiazi. Mwee! Bi Kidawa akageukia ukutani asionekane analia kwa furaha.

Habari zikatembea. Alasiri kibaraza kikajaa watoto, kila mmoja anamtaka wake: mweusi, wa mabaka, yule aliyevunjika pembe. Mashavu akawa ndiye fundi mkuu: wewe kata, wewe shika, masizi yako hapa, na hiyo hina hailambwi! Jua lilipopoa wakatoka, mbuzi juu ya vijiti, wakiimba, na milango ikafunguliwa. Hata Mwinyihija alitoka na sahani ya visheti, macho mekundu, maana naye zizi lake lilikuwa tupu.

Mwaka uliofuata mbuzi wa kweli walirudi, lakini watoto hawakuwaacha wale wa karatasi. Binamu mmoja kutoka mjini akawaonyesha namna ya kukunja, mbuzi anatoka mzima mara moja. Mashavu akamgeuzageuza, akamrudishia. "Ni mzuri," akasema, "lakini huyu hakumhitaji mtu."

Na tangu siku hiyo mbuzi wetu hukatwa vipande viwili makusudi, kwa kuwa mtu mmoja hawezi kumshika na kumshona kwa wakati mmoja. Mkesha wa Idi, aliyefiwa, mgeni, hata waliogombana, wote hutafuta wa kuwashikia. Na asiye na mtu? Abishe hodi mlango wowote wa Mkomboleni, aseme tu, "Nishikieni," ataambiwa karibu ndani.

Haya sasa: nani anamshikia nani?