Ubao wa Gati la Gisenyi

Chawa ni mdudu mdogo kuliko punje ya mtama. Hata hivyo, mwulize mama yeyote aliyewahi kumpakata mwanawe juani akimchambua nywele: atakuambia kwamba kidole kimoja, hata kikiwa na nguvu za fahali, kitamsukuma tu mdudu yule huku na huku. Sharti kidole cha pili kije kupokea. Kidole kimoja hakivunji chawa, walisema waliotutangulia. Nyirasafari aliisikia methali hiyo tangu angali mtoto wa kubebwa mgongoni, lakini maana yake ilimwingia mwaka wa 1957, alipokuwa mchukuzi wa mizigo kwenye gati la Gisenyi, ufukoni mwa Ziwa Kivu.

Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye shingo imara kama mwimo wa mlango. Mumewe, Harerimana, alikuwa mvuvi. Miaka hiyo wanaume wengi walikuwa wamevuka mpaka kwenda kufanya kazi katika mashamba makubwa ya Masisi, na gati likapungukiwa na mabega. Ndipo wanawake wakaanza kuitwa. Viazi vya Mudende viliteremshwa kwa lori kupitia Mahoko hadi kwenye depo ya Kadiri, mfanyabiashara wa mjini, na kutoka hapo wachukuzi waliyabeba magunia hadi ndani ya meli iendayo Bukavu. Nyirasafari aliipenda kazi hiyo. Alipenda vicheko vya wenzake njiani, na alipenda kujua kwamba viazi alivyovishika asubuhi vitaliwa kesho na watu wasiomjua hata kwa jina.

Kitu kimoja tu hakukipenda: ubao. Ulikuwa mmoja, mwembamba, umetandikwa kati ya gati na meli bila cha kushika kulia wala kushoto. Ziwa likichafuka, ubao ulicheza. Mvua ikinyesha, uliteleza kama mgongo wa kambare. Kila mchukuzi aliuvuka akiwa ameziba pumzi, na kila mmoja alidhani hofu ile ni yake peke yake.

Asubuhi moja ya manyunyu, Mukashyaka, rafiki wa Nyirasafari tangu usichana wao, alifika katikati ya ubao na mguu ukamponyoka. Gunia lilitangulia, naye akafuata, akatumbukia katika ule mwanya mwembamba baina ya mawe ya gati na ubavu wa meli. Nyirasafari hakungoja kuambiwa. Alilitupa gunia lake, akajirusha majini, akamshika mwenzake kwapani na kumvuta kando kabla meli haijarudi kugonga mawe. Walipotolewa wote wawili, wakitweta na kutapika maji, mfupa wa bega la Mukashyaka ulikuwa umevunjika.

"Gunia langu liko wapi?" Mukashyaka aliuliza, macho yakiwa bado yamefumbwa.

"Achana na gunia," Nyirasafari alimjibu, akimfuta uso kwa kanga iliyolowa. "Samaki nao watakula viazi leo."

Mukashyaka alicheka huku machozi yakimtoka, na kicheko hicho kilimwuma mwenzake kuliko kilio.

Alasiri ile Nyirasafari alimwendea Sibomana, kapita wa gati, ambaye ndiye aliyeita watu kazini na kuwafukuza. Alimwomba ubao wa pili na mti wa kushika. Sibomana hakuwa mtu mwovu, ila alikuwa na kichwa kigumu kama jiwe la volkano.

"Mama, ubao iko hivyo tangu zamani," alisema. "Mutu mwenye kuogopa maji abaki na masufuria yake."

"Mi siogopi maji, kapita. Leo umeniona ndani yake."

"Bon. Basi usirudi hapa. Iko wanamuke wengi wanatafuta kazi."

Nyirasafari akaenda kwa Kadiri. Mfanyabiashara huyo alimkaribisha kiti, akampa pole nyingi za kweli, akaulizia hali ya mgonjwa. Kisha akasema mambo ya ubao ni ya kapita, na yeye shughuli yake ni viazi. Nyirasafari akarudi nyumbani mikono mitupu, kama mtu aliyepigwa chenga na milango miwili.

Harerimana alimkuta ameketi karibu na jiko, chungu kikichemka bila kuangaliwa. Alipasha maji moto, akachovya kitambaa, akaanza kumkanda shingo polepole, kama alivyozoea kila siku ya meli.

"Utaniambia niache kazi," Nyirasafari alisema mwishowe.

"Hapana. Ziwa limemchukua baba yangu, nami kila siku narudi humo humo. Nitakukataza vipi wewe?" Alikamua kitambaa. "Lakini mi siendi ziwani peke yangu. Tunaenda wengi, na mmoja akisema kamba imechoka, hakuna anayepiga kasia. We ulienda kwa kapita na nani?"

Nyirasafari alikuwa amekwenda na hasira yake tu.

Keshoye alikwenda kumwona Mukashyaka. Aliwakuta wachukuzi wenzao wamejaa uani: huyu ameleta uji, yule anapalilia maharage ya mgonjwa, mwingine anamwosha mtoto. Nyirasafari aliwaeleza yote, kuanzia kwa kapita hadi kwa Kadiri. Mukandutiye, mkubwa wao kwa umri, akasema kwamba usiku wa kuamkia siku ya meli huwa halali. Mwingine akasema yeye huaga watoto wake kila mara kana kwamba anasafiri. Wakatazamana kwa mshangao, maana kila mmoja alikuwa amebeba hofu ile kimya kimya, kama gunia lisiloonekana.

"Akituambia sote tusirudi?" aliuliza mmoja.

Mukashyaka aliinua mkono wake mzima. "Basi mtakuja hapa kunipikia kila siku. Kwangu mimi si hasara."

Wakacheka, na katika kicheko hicho wakakubaliana.

Siku ya meli ilipofika, mawingu mazito yalikuwa yameinama juu ya ziwa. Wanawake walibeba magunia kutoka depo kama kawaida, Nyirasafari akiwa miongoni mwao, wakayapanga vizuri mbele ya ubao. Kisha wakaketi.

"Iko nini hii?" Sibomana aliuliza.

"Viazi vimefika, kapita," Mukandutiye alijibu kwa adabu. "Ila ubao huu hatuukanyagi mpaka upate mwenzake na mti wa kushika. Na huyu mwenzetu uliyemfukuza, tuko naye."

Kapita alitishia, akabembeleza, akatishia tena. Hakuna aliyenyanyuka. Akawageukia wanaume wachache waliokuwepo, akawaamuru wapakie. Habimana, mchukuzi aliyechechemea mguu wa kushoto, alilitazama gunia lililokuwa begani mwake, akalitua.

"Mguu huu niliuvunjia hapa," alisema taratibu. "Watu niliwaambia niliteleza shambani. Niliona aibu. Mi pia nangoja ubao."

Radi ikaguruma upande wa milima. Kadiri alikuja mbio kutoka depo, joho limekunjwa mkononi, kwa kuwa alijua viazi vikilowa huoza hata kabla ya kufika Bukavu. Alimwangalia Sibomana, akawaangalia wanawake walioketi kimya, akaona na Habimana amekaa katikati yao. Siku ya ajali alijiwa na mtu mmoja, akampa pole akamwondoa. Umati huu pole isingeuondoa.

"Nyirasafari, dada yangu," alisema, "niambie tena kile ulichoniambia, nami safari hii nitasikiliza. Mnataka nini?"

"Mbao, misumari na mti wa kushika. Na gunia zito libebwe na watu wawili."

"Mbao ninazo. Mlango wa zamani wa depo pia ninao. Chukueni."

Kazi ikaanza, na hakuna aliyebaki amekunja mikono. Habimana na wenzake walipigilia mbao juu ya ule mlango mpana, wanawake wakapokezana kuleta miti ya mikalitusi. Harerimana alifika na wavuvi wenziwe na kamba zao, wakafunga miti ile huku na huku kwa mafundo yasiyofunguliwa hata na mawimbi. Sibomana alisimama kando amenuna. Mwishowe akavua kofia, akashika nyundo.

"Msumari huu umepinda, kapita," Nyirasafari alimwambia kwa upole.

"Naona, mama. Mi si fundi," alijibu, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue, akatabasamu.

Magunia yalivushwa na watu wawili wawili, mkono mmoja juu ya mti wa kushika. Tone la kwanza la mvua lilipogonga gati, gunia la mwisho lilikuwa limeshafunikwa na turubai ndani ya meli. Sibomana alimwambia Nyirasafari kwamba meli ijayo atamngoja, tena asichelewe.

Mfupa wa Mukashyaka uliunga. Siku aliporudi kazini, ziwa lilikuwa limechafuka, na mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Yeye na Nyirasafari walilishika gunia moja, huyu mbele na yule nyuma. Mukashyaka alipofika pale palipomwangusha alisimama, akaukamata mti kwa nguvu, akayatazama maji. Nyuma yake Nyirasafari alingoja bila kumharakisha. Juu ya gati wenzao wote walingoja vilevile, na Sibomana hakupaza sauti. Mukashyaka akavuta pumzi, akavuka, na vigelegele vikapanda hadi kwenye paa la depo.

Nyirasafari alipokwenda peke yake kwa kapita alirudi bila kazi. Alipokwenda na wenzake walirudi wote salama majumbani kwao. Kidole kimoja hakivunji chawa.