Mbuzi wa Kilima cha Nakiete

Mwenye majani hakosi mbuzi. Mmemsikia fundi akiisema asubuhi alipopita hapa, mkacheka, kisha mkaniuliza maana yake ni nini na nani aliisema kwanza. Maana msiniulize, itajitokeza yenyewe. Methali hii ilianza hivi.

Huko milimani Upare alikuwapo mama mmoja jina lake Nakiete. Mumewe alipofariki, wazee wa ukoo walikaa wakampa kipande cha ardhi afuge mbuzi wa maziwa, apate kuwalea wanawe wawili. Kusema kweli hakikuwa kipande cha kujivunia. Kilikuwa kilima kikavu, mawe na vumbi tupu, hata mjusi alipita pale kwa haraka zake. Na wazee waliweka sharti. Baada ya miaka miwili wangekuja kunywa chai ya maziwa yaliyokamuliwa palepale. Wasipoikuta, ardhi ingekwenda kwa shemeji yake, Mchome, ambaye alikuwa na ya kwake lakini jicho lilikuwa kwenye ile.

Nakiete aliuza cherehani yake. Kijiji kizima kikasema, sasa mbuzi wanakuja. Walichokiona ni Nakiete akipanda kutoka bondeni na mzigo wa vipando vya matete kichwani na mfuko wa mbegu za lukina, mti wa malisho, mkononi. Mwaka wa kwanza wote alipanga mawe kukinga mteremko ili maji ya mvua yasikimbie, akapanda nyuma ya kila mstari. Mwaka wa pili akajenga banda la miti, sakafu yake imeinuliwa juu ya ardhi. Matete yalipostawi aliyakata, akayashindilia shimoni na kuyafunika kwa udongo yawe akiba ya kiangazi. Hapo watu walishindwa kujizuia. Walisema mama wa watu sasa anazika majani, na wengine wakauliza matanga ni lini.

Nakiete alicheka nao. Lakini akiwa peke yake aliona hofu, tena kubwa, maana fedha za cherehani zilikuwa zimekwisha, miezi inayoyoma, na hakuwa na hata mkia wa mbuzi.

Mchome yeye hakungoja. Alijenga banda la bati, akaleta mbuzi wanne weupe kutoka mjini, akawapa na majina. Majani hakupanda. Alikuwa amezoea mbuzi wa kienyeji, anayefunguliwa asubuhi akajitafutia mwenyewe. Kumbe kijiji kilikwisha kataza mifugo kuzurura kwa ajili ya bustani za mboga, na hao weupe walitaka kuletewa chakula mlangoni, asubuhi na jioni, kama wakwe.

Kiangazi kikaingia. Mbuzi wa Mchome walikula maganda ya ndizi, yakaisha. Wakala pazia la jikoni. Siku moja wakala kofia yake ya kwendea kanisani. Wawili kati yao walikuwa na mimba, na mbavu zao zilionekana moja moja.

Ilikuwa imebaki miezi miwili wazee waje, Mchome alipopanda kilima.

"Hodi, shemeji. Habari za hapa?"

"Nzuri, shemeji, karibu. Leo umekuja kichwa wazi?"

Mchome alijifanya hakusikia. "Nataka kununua majani. Mizigo kumi."

"Majani siuzi."

"Unayawekea nini, na huna hata mbuzi?"

"Nawangojea. Mizigo kumi mbuzi wako wataimaliza kwa wiki moja, utarudi tena, mpaka shimo liwe tupu. Lakini ukitaka kuwaweka mbuzi kwangu, kama desturi yetu ilivyo, nawapokea leo."

Desturi yenyewe ilikuwa hivi: ukiweka mbuzi wako kwa mwenzako, mbuzi ni wako bado, ila anayelisha hupata maziwa na mbolea, na katika kila watoto watatu mmoja ni wake. Mchome aliijua vizuri. Alijua pia kwamba akiwaleta, wazee watakunywa chai na kilima kitamponyoka. Akiwaacha, kilima ni chake na mbuzi watakufa. Alikaa juu ya jiwe, akiyatazama matete.

"Umenitega," alisema.

"Sijakutega, shemeji. Mimi nimepanda tu."

Jioni ileile mbuzi wanne walipanda kilima. Hawakuswagwa, walipopata harufu ya shimo lililofunguliwa walimkokota Mchome na kamba zake mpaka mlangoni. Wiki tatu baadaye wawili wakazaa, na Nakiete akakamua.

Siku ikafika. Mzee Kalaghe, mkuu wa ukoo, alipewa kikombe cha kwanza, akakishika asinywe.

"Mbuzi hawa nawajua," alisema. "Ni wa Mchome. Sasa maziwa ni ya nani?"

Wote wakamgeukia Mchome. Nakiete alilishika birika kwa mikono miwili. Neno moja tu, kwamba amewaleta kwa siku chache wapate nafuu, lingetosha kumnyang'anya kila jiwe alilolipanga.

Mchome aliwatazama mbuzi wake. Walikuwa wamenenepa, wanatafuna. Akawaita kwa majina yao, mmoja mmoja. Hakuna aliyeinua kichwa.

"Maziwa ni ya anayelisha," alisema. "Mimi nilikuwa na mbuzi, nikakosa majani, nusura nikose na mbuzi wenyewe. Huyu hakununua hata mmoja, na banda lake limejaa. Wazee wangu, mwenye majani hakosi mbuzi. Kunyweni, chai inapoa."

Mzee Kalaghe akanywa, akarudisha kikombe kiongezwe. Nakiete alikuwa akicheka huku machozi yanamtoka, akamimina chai mpaka ikafurika kwenye sahani.

Mvua zilipoanza, nyumba tatu nyingine zilikuwa zimeweka mbuzi wao kwake, na wale waliouliza habari za matanga walikuja na majembe kujifunza namna ya kuzika majani. Kuhusu mbuzi watatoka wapi, hapana aliyeuliza tena. Mwenye majani hakosi mbuzi.