Yangeyange Mgongoni mwa Nyati

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona mnaitika kama mmenyimwa chakula? Tena kwa nguvu! Paukwa!

— Pakawa!

Enhe, hapo sawa.

Hapo zamani za kale jua liliwaka miezi na miezi. Mto ukakauka, likabaki dimbwi moja tu. Nyati walikuja kunywa, pwata, pwata, pwata, wakaondoka wameacha tope tupu. Bi Kanga alikuwa na vifaranga. Midomo wazi, macho yamelegea. Siku mbili zaidi za tope, basi, angewazika.

Wanyama wakasema, "Tuchague msimamizi wa dimbwi." Wakajitokeza wawili, Nyati na Ngiri. Desturi yao ilikuwa hivi: wagombea huulizwa maswali mbele ya wote, kisha kila mnyama hupanga foleni nyuma ya amtakaye. Mwulizaji alikuwa Yangeyange, ndege mweupe, nadhifu, sauti nzuri. Kila siku yeye humfuata Nyati. Nyati akikanyaga majani, panzi wanaruka, Yangeyange anadaka. Wenyewe mnawaona hata leo.

Siku ikafika. Yangeyange akatua mgongoni mwa Nyati, tu! Akaanza.

"Mzee Nyati, umeamkaje?"

"Salama."

"Mbona pembe zako zinang'aa hivyo?"

"Nimezaliwa nazo."

"Asante sana, mzee. Tumekuelewa."

Wameelewa nini? Mimi sijui!

Akamgeukia Ngiri. "Wewe! Ukikimbia mkia unasimama. Unakimbia nini?"

"Ndugu Yangeyange, mimi nilitaka kusema habari za maji. Nitachi—"

"Jibu swali!"

"Nitachimba—"

"Muda umekwisha!"

Swala wakaanza kusogea nyuma ya Nyati. Pundamilia nao. Bi Kanga akaona foleni inarefuka, akasema moyoni, "Jamani, watoto wangu wamekwisha." Akapaza sauti, tekekekeke!

"Mwanangu Yangeyange, unampendelea Nyati!"

Yangeyange akakasirika, tena kikweli. "Mimi, mama? Mimi sina upande! Mimi niko katikati!"

"Katikati ya nini? Hebu tazama unapokanyaga."

Yangeyange akatazama. Lahaula! Manyoya meusi. Mgongo wa Nyati! Alivyozoea kukaa pale, hakujua kama amekaa. Wanyama wakaangua kicheko, kwa kwa kwa! Fisi alicheka mpaka akaketi chini. Yangeyange akatamani ardhi ipasuke immeze.

Lakini mimi ndege huyu nampendea jambo moja. Hakubisha. Aliruka, akatua juu ya kichuguu, mbali na wote wawili.

"Nisameheni. Tunaanza upya. Swali ni moja, kwa wote wawili, na simkatizi mtu. Maji yakizidi kupungua, utafanyaje?"

Nyati akafikiri. Akafikiri tena. Hakuzoea kuulizwa, maskini. "Nitakunywa," akasema.

"Na wengine?"

"Wengine watakunywa nikishamaliza."

Yangeyange akamgeukia Ngiri.

Ngiri akasema, "Pale ukingoni mchanga bado una unyevu. Nitachimba kwa pua yangu na meno haya. Visima vifupi, kimo cha kifaranga. Wakubwa wanywe dimbwini, wadogo visimani."

Weee! Foleni ikavunjika, vumbi tifu! Swala huyoo, pundamilia huyoo, wote nyuma ya Ngiri. Hata ndama wa Nyati alichomoka nyuma ya baba yake akaenda huko.

Ngiri hakungoja kesho. Akachimba, krrr, krrr, krrr. Maji yakachuruzika, kidogo, halafu mengi. Vifaranga wakanywa, wakainua vichwa, wakanywa tena, mpaka wakalala palepale matumbo yamejaa. Bi Kanga akaketi kando yao. Akashusha pumzi, haaaa, akalia kwa furaha bila kumficha mtu.

Basi, wakubwa na wadogo, shikeni hili. Anayeuliza kwa niaba ya wengi, kwanza ashuke mgongoni mwa rafiki yake. Aulize wote swali lilelile, na kila mmoja amwache amalize kujibu.

Ngano yangu imekomea hapo. Haya, ondokeni, kuni hazijakatwa!