Lugha Tatu za Kituo cha Mto

Hapo zamani, kompyuta zikiwa bado nzito kama masanduku ya bibi harusi, palikuwa na kituo kidogo cha kupima mafuriko kando ya mto Lukwambe. Walikuwamo watu watatu: Mzee Kobelo, Zamda na Semeni. Kila mmoja aliandika programu zake kwa lugha yake ya kompyuta, na ya Kobelo ndiyo ilikuwa kongwe kuliko zote.

"Mzee, hiyo ni lugha au kikohozi?" Semeni humtania.

"Vuta kiti ukohoe na wewe," Kobelo humjibu, kisha humfundisha. Semeni aliipenda miaka ile kuliko yote iliyofuata.

Mwaka mmoja Kobelo akaenda msibani kwao. Huku nyuma programu yake ikakwama. Zamda hakuweza kuisoma. Semeni alijua nusunusu tu. Mto ukafurika, mpunga wa vijiji viwili ukaenda na maji.

Zamda alipofanywa mkuu wa vituo vya bonde lile, akasema: "Basi! Lugha moja, hii yangu, vituo vyote kumi vya bonde. Mmoja akiumwa, mwenzake ashike."

Semeni akatii. Akafuta kazi yake ya miaka kumi, machozi yakimlengalenga. Kobelo akakataa.

"Mashine yangu iacheni pembeni. Haili wala hainywi."

Kobelo akastaafu. Semeni akabaki kuifuta vumbi mashine ile na kujisomea programu yake mpaka akaijua yote, kwa kumkumbuka tu mzee.

Masika yakaingia. Asubuhi moja programu mpya ikaanguka vituo vyote kwa mpigo: lugha moja, kosa moja. Mashine ya Kobelo peke yake ndiyo iliyoendelea kupima. Semeni akaisoma: maji yatafika alasiri! Akaandika sahihisho kwa lugha ya Zamda, akalituma. Vile vituo tisa vingine vikalielewa papo hapo, onyo likatoka. Watu wakapanda mlimani. Hakufa hata mtoto mchanga.

Wanavijiji wakajenga kituo kipya, wakataka kukipa jina la aliyewaokoa.

Kobelo akaja toka nyumbani, akasema, "Ningetii amri, nani angeyaona maji?"

Zamda akasema, "Ungeyaona, Mzee wangu. Ungemwambia nani, kwa lugha gani?"

Wakulima wa mpunga wakadakia, "Na aliyezijua lugha zote mbili, je?"

Semeni hakudai kitu. Alitamani tu wakae tena watatu, wakitaniana.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza: kibao ki tupu, rangi imekwisha kukorogwa. Je, kiandikwe jina la nani?