Jina Moja Mlangoni

Sogeeni. Hadithi hii inataka hakimu, na hata asiyewahi kushika usukani anaruhusiwa kuhukumu.

Huko Njoro aliishi Mzee Sirma, aliyependa magari tangu enzi za kusukuma yale ya waya. Alishindana kwenye barabara za vumbi miaka arobaini, akafufua magari ya zamani ambayo wenyewe waliyageuza mabanda ya kuku, kisha akaanzisha mashindano yao ya kila Desemba. Sasa macho yalikuwa yanamwacha. Ilibidi gari lake la mwaka sitini na nane apewe mtu mwingine, na kwa desturi ya chama cha wenye magari hayo ya zamani, kwenye mlango wa gari huandikwa jina moja tu: la mtunzaji.

Alikuwa na wanafunzi watatu. Jepkoech alisikia ugonjwa wa injini kabla haujaonekana. Ombati alitengeneza kwa mikono kipuri kisichouzwa tena. Mumbua alipita njia mara moja, akaikumbuka kona kwa kona.

Desemba hiyo mzee aliendesha kwa mara ya mwisho, wote wakapanda. Gari lisilofika mwisho kwa muda uliowekwa lingefutwa chamani.

Kwenye mlima wa Mau, Jepkoech akapaza sauti. "Simama, Mzee! Maji yanavuja."

"Kwa kelele hizi?" Ombati akacheka. "Labda ni tumbo lako."

"Haya, jiandae kusukuma mpaka Njoro."

Wakafungua boneti. Gaskiti ya pampu ya maji, ile pete ya kuzibia maungio, ilikuwa imepasuka. Dakika chache zaidi, na injini ingeungua.

Kwa sheria za mashindano, vipuri vipya vilikatazwa. Ombati akavua mkanda wake wa ngozi, akaukata kwa kisu, akapima kwa kidole, akakata tena. Gaskiti ikakaa. Wakajaza maji, naye akarudi kitini ameshikilia suruali.

"Salimia watu kwa mkono mmoja tu leo," Mumbua akamwambia.

Wakacheka, lakini ukungu ukashuka. Mzee Sirma akapunguza mwendo.

"Wanangu, sioni kitu."

"Basi nisikilize, Mzee," Mumbua akasema. "Kulia, taratibu. Nyoosha. Sasa daraja jembamba, shika katikati."

Akasoma njia iliyokuwa kichwani mwake mpaka ukungu ukaisha. Wakafika zikiwa zimebaki dakika tatu.

Tangu hapo Mzee Sirma hakutulia. Alifungua boneti, akaifunga. Alilizunguka gari, akaanza upya.

"Bila sikio langu gari hili lingeungua," Jepkoech akasema.

"Ungelisikia likifa, halafu?" Ombati akajibu. "Ungeliimbia?"

"Na bila mimi," Mumbua akasema, "nyote mngekuwa bondeni, pamoja na hiyo suruali."

Mchoraji aliyeitwa kuandika jina alisimama kando ya mlango wa gari, rangi ikidondoka kwenye kiatu chake.

"Mzee, nianze na herufi gani?"

Mzee akaanza kulizunguka gari tena.

Sasa wewe uliyesikiliza: brashi ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani?