Mkono wa Simu Ulipopata Kazi

Hii nimeisikia kwa shemeji yangu wa Mwanza, na kwa kuwa mimi siwezi kula kitu kizuri peke yangu, nawaleteeni. Mzazi mwenye gari aisome. Asiye na gari aisome pia, maana simu anayo.

Alikuwepo bwana mmoja pale Mwanza, jina lake Mashauri, mtu wa kusafirisha mizigo. Malori si yake na mizigo si yake. Kazi yake ilikuwa kuwakutanisha wenye mizigo na wenye malori, na kazi hiyo yote inafanyika kwenye simu. Alikuwa nazo mbili. Moja ikinyamaza, nyingine inaita.

Kila asubuhi alimpeleka shule binti yake Nyamizi, wa kidato cha pili, kwa gari lake la otomatiki. Gari safi, kiyoyozi kinapuliza, linakwenda lenyewe utadhani linajua njia. Mkono wa kulia wa Mashauri uko kwenye usukani, wa kushoto uko kwenye simu. Mtoto amekaa pembeni, begi mapajani. Akisema neno, baba anajibu "sawa", kisha anaendelea na lori lililokwama Singida.

Sasa, Nyamizi alikuwa anashuka darasani. Zamani alikuwa wa tatu, wa nne. Siku hizi yuko mkiani kabisa. Walimu walisema hanakili kazi za ubaoni, ni mvivu. Mashauri hakuuliza mara mbili. Alitafuta nafasi shule ya bweni, mbali, mkoa mwingine, akanunua na tranka la bati. Shule zikifungwa na kufunguliwa tena, mtoto anaondoka. Tranka likawekwa barazani, kila mtu anapita pembeni yake.

Mkewe, Kabula, alijaribu. "Baba Nyamizi, umezungumza na mtoto lakini?"

"Nazungumza naye kila siku. Si mimi ninayempeleka shule?"

Kabula akarudi jikoni. Ukishamjua mume wako unajua pa kuishia.

Basi gari likaharibika. Gia boksi. Fundi Ndalahwa akasema spea inatoka Dar es Salaam, na spea ya kutoka Dar wote tunaujua mwendo wake.

Nyuma ya nyumba lilikuwepo gari jingine. Baba yake Kabula alikuwa bwana mifugo, na alipofariki alimwachia binti yake gari lake la kazi: refu, la pembepembe, matairi ya matope, gia za mkono. Mzee alikuwa amezunguka nalo mazizi yote ya Usukuma. Mashauri alikuwa analiita trekta. Kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti cha nyuma.

"Endesha hilo," Kabula akamwambia.

"Mimi? Mjini? Wateja wanione?"

"Basi panda bodaboda na tai yako."

Akawatoa kuku, wakatoka wanamlaani. Akafuta viti, akawasha. Gari likaitika mara ya kwanza tu, na majirani wakatoka nje kuangalia kuna nini.

Siku ya kwanza ilikuwa aibu. Gari lile lilikuwa na vishikio viwili vya gia: kirefu cha kawaida, na kifupi pembeni cha kuvukia matope. Marehemu alikuwa ameliacha kwenye gia ya matope, na Mashauri hakujua. Akaenda hivyo mpaka mjini, injini inalia kwa nguvu zote na gari linakwenda mwendo wa bata. Bajaji zikampita. Baiskeli zikampita. Mama mmoja mwenye beseni la dagaa kichwani akampita pia, akageuka kumtazama.

"Baba, yule mama ametupita!"

"Nimemwona."

"Tena hana haraka."

Nyamizi alicheka mpaka akatoa machozi. Na Mashauri, jasho linamtiririka mgongo mzima, akajikuta anacheka naye. Ilikuwa muda mrefu hajamsikia mtoto huyo akicheka, na alikuwa hata hajagundua.

Jioni Kabula akamwonyesha kile kishikio kifupi, maana yeye alikua ndani ya gari lile. Mambo yakawa mepesi kidogo. Kidogo tu, kwa sababu Mwanza ni mji wa vilima, na ukiendesha gari la gia kwenye mji wa vilima huna mkono wa ziada. Foleni ikisogea hatua mbili: klachi, gia ya kwanza, achia taratibu, kanyaga tena. Mguu wa kushoto unawaka moto. Mkono wa kushoto, ule wa simu, umepata kazi nyingine. Simu zikaita, zikachoka, zikanyamaza. Alipofika ofisini akakuta malori yamefika yalikokuwa yanakwenda, hata bila yeye kuyapigia kelele.

Kioo cha pembeni cha kushoto kilikuwa kimevunjika. Akamwambia mtoto, "Wewe ndiye tingo wangu. Niangalizie upande wako."

Nyamizi akaichukua kazi hiyo kwa moyo wote. "Bajaji, baba. Ngoja. Ngoja. Haya, pita." Na katikati ya hapo wakaanza kuzungumza. Nyamizi akasimulia jinsi babu yake alivyokuwa akimpakata na kumwachia ashike gia, akimwambia gari hili ukilifanyia papara linazima. Mashauri akasimulia jinsi alivyofeli mtihani wa leseni mara ya kwanza kwa kurudi nyuma kwenye kilima, jambo ambalo hata mkewe alikuwa hajaambiwa. Wakafika getini mwa shule mazungumzo hayajaisha.

Siku zikapita. Mashauri akimpigia fundi, jibu ni lile lile. "Bado, bosi. Spea bado."

Asubuhi moja walikuwa wanapanda kilima nyuma ya lori la mchanga. Juu kabisa kuna njia panda, na trafiki ndiye anayeongoza magari. Mashauri hakutaka kusimama pale katikati, maana kuondoka na gari la gia kwenye mlima ulikuwa ugonjwa wake tangu siku ya ule mtihani. Lakini lori lilikuwa limemziba, haoni mbele. Nyamizi, aliyekaa kushoto, alikuwa anaweza kuchungulia pembeni ya lori.

"Tingo! Trafiki anaruhusu au amesimamisha?"

Nyamizi akakunja uso, akainama mbele. "Nadhani... anaruhusu."

Mashauri akaongeza mafuta. Lori likasimama ghafla. Akakanyaga breki, akasahau klachi, gari likazima. Mguu ukateleza kwenye breki, gari likaanza kurudi nyuma, na nyuma kuna bajaji yenye abiria, dereva anapiga honi na kupiga kelele. Mashauri akavuta handbreki kwa mikono miwili. Gari likasimama. Kati yake na bajaji kulikuwa na nafasi ya kupita paka.

Akamgeukia mtoto. "Trafiki kanyoosha mkono vile! Hivi wewe huoni?"

"Sioni, baba."

Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayejibu alichoulizwa. "Naona kitu cheupe tu. Sijui mkono uko wapi."

"Huoni tangu lini?"

"Nilikwambia. Siku ile tunapita sokoni. Nilisema baba, ubaoni sioni, nanakili kwa jirani. Ukasema sawa."

"Nilisema sawa?"

"Ndiyo. Nikajua umesikia. Nikangoja." Machozi yakaanza kumtoka. "Halafu ukaja na tranka."

Trafiki alishateremka kilima kwa hasira. "Mzee! Umeziba njia! Gari limekufa?"

"Halijafa, afande," Mashauri akasema. "Nipe dakika moja, nazungumza na mwanangu."

Yule trafiki akamtazama binti mwenye sare anayelia, akamtazama baba mtu mwenye tai naye macho yamejaa machozi. Akageuka, akayasimamisha magari yote ya nyuma.

Siku hiyo hawakufika shule. Walikwenda kwa daktari wa macho. Daktari akampima, kisha akamuuliza Mashauri ni tangu lini mtoto haoni vitu vya mbali. Mashauri akamtazama Nyamizi ili yeye ndiye ajibu.

Walipopata miwani, safari ya kurudi nyumbani ilikuwa ni kusoma tu. Nyamizi alisoma mabango ya saluni, maandishi ya nyuma ya malori, bei za nyanya. Kisha akanyoosha kidole kwenye mawe makubwa yaliyokaa juu ya kilima.

"Baba, yale mawe yana ndege! Wapo kila siku?"

"Wapo kila siku," Mashauri akasema, ingawa na yeye ndiyo kwanza anawaona.

Shuleni akaanza kunakili kila kitu, na katika zoezi lililofuata mwalimu wa hesabu alimwita mbele akampa mkono. Lakini tranka lilibaki pale pale barazani. Nafasi ya bweni ilishatafutwa na kukubaliwa, na Mashauri alikuwa mtu wa jambo likishapangwa limepangwa. Yeye hakulitaja, mtoto hakuuliza, na likizo ikawa inakaribia.

Jumamosi moja akapita gereji bila kupiga simu. Akalikuta gari lake chini ya kivuli, limeoshwa, boneti imefungwa.

"Fundi, hili si zima?"

"Zima, bosi."

"Tangu lini?"

Ndalahwa akachukua kitambaa akafuta mikono ambayo tayari ilikuwa safi. "Siku nyingi."

Mashauri akapandwa na hasira. "Kila siku spea bado, spea bado! Umenifanya mtoto mdogo?"

"Hasira yako ni haki yako, bosi. Lakini nisikilize kwanza. Binti yako alikuja hapa na sare zake, kwa miguu. Akaniambia, 'Fundi, likipona usimwambie baba. Kwenye gari la babu anazungumza na mimi.' Nikamwambia mwanangu, siwezi kukaa na gari la mtu. Akasema, 'Nakwenda bweni wakifungua shule. Niachie hizi siku zilizobaki tu.'"

Fundi akatazama pembeni. "Na mimi nina mabinti, bosi. Wewe ungefanyaje?"

Mashauri akauliza hiyo ilikuwa lini. Ilikuwa kabla ya kilima, kabla ya miwani. Mtoto hakuja kuombea macho yake. Alikuja kuomba baba yake asiondoke tena na kurudi kwenye simu zake, na yeye mwenyewe akijua kwamba ndiye anayeondoka.

Shemeji yangu alipofika hapo aliomba maji ya kunywa, na mimi sikumcheka. Mashauri alikaa kwenye kiti cha gari lake, mlango wazi, miguu nje. Simu ikaita. Akaitazama mpaka ikanyamaza.

Jumatatu asubuhi Nyamizi alitoka na begi lake, miwani usoni, akakuta magari mawili yamesimama uani. Lile la otomatiki lilikuwa linang'aa. Akasimama.

"Limepona," akasema taratibu.

"Limepona," baba yake akajibu. "Kuanzia leo ni la mama yako, atake asitake."

"Anataka!" Kabula akajibu kutoka jikoni.

Mashauri akapanda barazani, akalibeba lile tranka kichwani, akazunguka nalo nyuma ya nyumba. Nyamizi akamfuata mbio.

"Baba, unalipeleka wapi?"

"Kwa kuku. Tuliwanyang'anya kiti chao, hawana pa kutagia." Akalifungua, akalijaza majani makavu. Jogoo akaja kukagua.

"Na bweni?"

"Nimewapigia. Nimewaambia wasikungoje."

Nyamizi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sketi, akaivaa, ikabidi aivue na kuifuta tena. Kisha akapanda gari la babu, kiti cha kushoto, akafunga mlango kwa nguvu kama lile gari linavyotaka. Mashauri akawasha, akakanyaga klachi, akaingiza gia ya kwanza. Simu zote mbili alikuwa amezitia kwenye begi la mtoto.

Wakafika kwenye geti la kuingilia barabarani. Nyamizi akachungulia nje, akatazama mbali kadiri barabara inavyokwenda.

"Upande wangu kweupe, baba," akasema. "Pita."

Funzo: Mtoto anaweza kupotea akiwa amekaa kiti cha pembeni yako. Usingoje gari liharibike ndipo umsikie.